Klachi Iliyofungwa Kinyume

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Bagara.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule unaoleta vumbi mpaka kwenye meno. Sasa umetulia. Mimi sijatulia. Nimeanza kumwagilia miche nikaacha katikati, nimepika mboga nikasahau chumvi, na Lulu amekula bila kuuliza kitu kwa sababu ameniona usoni. Nimeona bora nikae niandike, labda kichwa kitapungua mzigo.

Leo nimeshtuka mara mbili, na mara ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Mama Lulu, nina kitalu cha miche ya parachichi, na nina pikapu ya zamani aliyoniachia marehemu Baba Lulu. Pikapu hiyo ndiyo inayopeleka miche kwa wakulima, Sigino, Dareda, Galapo, popote wanaponiita. Ikilala, na mimi nimelala.

Fundi wa pikapu hiyo ni mmoja tu tangu siku ya kwanza. Baba Paskali, wa kule Singe. Mume wangu alipofariki, mimi sikujua hata kuwasha gari. Baba Paskali ndiye aliyekuja nyumbani wiki ya tatu baada ya mazishi, akasema gari likikaa muda mrefu linaharibika, panda nikufundishe. Alinifundisha kwa miezi miwili, jioni jioni, kwenye kiwanja cha mpira. Hakuwahi kunipigia kelele hata nilipogonga goli.

Nayaandika haya makusudi, ili nisisahau ni mtu gani niliyemsema vibaya wiki hii.

Mambo yalianza wiki mbili zilizopita. Klachi ilianza kuteleza. Nikiwa na mzigo kwenye mlima, injini inalia lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Baba Paskali akaniambia kwa simu kwamba pleti, ile sahani ya ndani ya klachi, imekwisha, ninunue mpya, na presha pleti inayoibana, na beringi yake, nimletee vyote pamoja. Nikanunua dukani mjini, nikampelekea Ijumaa jioni vikiwa kwenye maboksi yake.

Alitaka kulitengeneza gari Jumatatu. Mimi nilikuwa na miche mia nne ya mkulima wa Dareda iliyopaswa kuondoka Jumatatu asubuhi. Nikampigia nikamwambia tafadhali, litengeneze Jumamosi. Akasema Jumamosi hana nafasi. Nikampigia tena. Nikampigia mara ya tatu. Mwishowe akasema, "Haya, Mama Lulu. Njoo ulichukue Jumamosi jioni."

Nilifurahi. Nilijiona najua kusukuma mambo.

Jumamosi jioni nililichukua. Kutoka Singe mpaka nyumbani nilihisi kitu, lakini sikukipa jina. Gia ya kwanza iliingia kwa shida kidogo. Nikajiambia ni kipya, kitazoea.

Jumatatu hakikuzoea. Kila nikitaka kuweka riversi, gia inakwaruza kama mtu anasaga mawe. Nikizima injini, gia zote zinaingia laini kabisa. Nikiwasha, zinagoma. Nilikwenda Dareda na kurudi kwa kulazimisha, mkono wa kushoto ukiniuma mpaka begani. Nilimpigia Baba Paskali. Akasema nikanyage pedali mpaka chini kabisa, labda sikanyagi vizuri.

Sikanyagi vizuri. Miaka saba naendesha, nisikanyage vizuri.

Hapo hasira ikaanza.

Jumanne asubuhi nilikuwa narudi kutoka mjini. Pale kwenye kivuko karibu na shule watoto walikuwa wanavuka, nikasimama kama kawaida. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza, nimekanyaga klachi mpaka chini, na mguu wa kulia nimeuondoa kwenye breki kwa sababu pale ni tambarare na gari lilikuwa limetulia. Ndivyo tulivyozoea wote. Klachi ikiwa chini, injini haina kazi na magurudumu.

Gari likaondoka.

Sikugusa mafuta. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umebana pedali mpaka kwenye sakafu, na gari likaruka mbele kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Nilipiga breki, injini ikazima. Mbele ya boneti palikuwa na msichana mmoja amebeba ndoo ndogo na fagio la chelewa. Nafasi kati ya bampa na sketi yake haikuzidi shubiri. Hakulia. Alinitazama tu, kisha akakimbia kuwafuata wenzake, fagio akaliacha barabarani.

Nilishuka nikaliokota fagio. Sikujua nimpe nani. Nililiegemeza kwenye mti nikarudi ndani ya gari, nikashika usukani. Watu walipiga honi nyuma yangu. Nilishindwa kuondoka kwa muda ambao siwezi kuukadiria.

Huo ndio mshtuko wa kwanza. Nadhani mwili wangu umeuweka mpaka leo.

Mchana huohuo tulikuwa na kikao cha kikundi chetu cha wanawake wenye vitalu. Waliponiona wakaniuliza nina nini, nikawaeleza. Na sikuishia kwenye kueleza. Nilisema Baba Paskali amenifungia pleti kuukuu na ile mpya ameiweka mwenyewe. Nilisema mafundi wakizeeka wanakuwa wezi. Mmoja akasema hata yeye alishawahi kusikia. Mwingine akasema basi tuwaambie na wenzetu. Mimi sikuwazuia.

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hofu, na hofu ilitaka mtu wa kumbebesha.

Jana nikalipeleka gari kwa Hamisi. Hamisi ana gereji hapahapa Bagara, nyuma ya stoo ya mahindi, ni mtu wa makamo, mpole, haongei sana. Nilimchagua pia kwa sababu nilijua alijifunza ufundi kwa Baba Paskali, zamani, miaka sita mizima. Nilitaka aone kwa macho yake mwalimu wake amekuwa mtu wa namna gani. Naandika ukweli, hata kama unaniaibisha.

Hamisi hakukimbilia kufungua. Alikaa kwenye usukani, akazima injini, akapitisha gia zote moja moja. Zikaingia. Akawasha, akakanyaga klachi, akajaribu riversi. Ikakwaruza. Akainua nyuma kwa jeki, akaweka gia ya kwanza huku amekanyaga klachi mpaka mwisho, akaniambia niangalie magurudumu.

Yalikuwa yanazunguka.

"Umeona," alisema. "Umekanyaga, lakini klachi haijaachia. Pleti bado imeshikana na injini. Sasa tutafute kwa nini."

Akaangalia mafuta ya klachi, yapo. Akajaribu kutoa upepo kwenye mfumo, mimi nikimkanyagia pedali. Hakuna upepo. Akaingia chini na tochi, akaniambia kanyaga, achia, kanyaga, achia. Aliporudi juu alikuwa amekunja uso. Alisema kule chini uma wa klachi, ule unaosukuma beringi, unakwenda vizuri, safari yake yote, kama inavyotakiwa. Maana yake nje hakuna tatizo. Tatizo lipo ndani, na huko ndani haendi mtu bila kushusha giaboksi.

Nikamwambia ashushe.

Leo saa nne asubuhi giaboksi ilikuwa chini. Nilisimama pembeni mikono nimeikunja, nikisubiri kuiona pleti kuukuu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kusema.

Hamisi akafungua presha pleti, akaitoa. Akaitoa pleti. Akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akakaa vile.

Ilikuwa mpya. Ilikuwa ileile niliyoinunua. Hata mimi niliitambua kwa ile rangi ya kijani waliyoipaka katikati.

"Mbona ni mpya," nilisema, na nilisikia sauti yangu ikiwa na masikitiko, kana kwamba nimenyimwa kitu.

Hamisi aliigeuza pleti, akaniita nisogee. Katikati, kando ya springi, kulikuwa na maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma, yanayoonyesha upande unaotakiwa kuangalia giaboksi. Upande huo wenye maandishi ulikuwa umeangalia injini. Na pale katikati palikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, mahali kitovu cha pleti kilipokuwa kinasugua vichwa vya bolti za injini.

"Imefungwa kinyume," alisema Hamisi. "Ndiyo maana haiachii."

"Basi ni uzembe," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akaniambia nitazame bolti. Zote zimekazwa sawasawa, hakuna iliyolegea, hakuna iliyokazwa kupita kiasi. Beringi imepakwa grisi kiasi chake. Kila mahali pamefutwa. Alisema yeye mwenyewe hafanyi kazi safi namna hiyo siku zote.

"Huyu si mzembe, Mama Lulu. Mzembe huacha alama kila mahali. Huyu amekosea kitu kimoja tu." Akaipitisha pleti mikononi mwangu. "Fumba macho. Shika upande huu. Sasa shika huu."

Nikafumba. Nikashika. Pleti hii mpya ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Springi upande huu, springi upande ule, kitovu kimejitokeza huku na huku. Kwa vidole sikuweza kusema ni upi.

"Zile za zamani upande mmoja ulikuwa umevimba wazi, hata gizani unajua," akasema. "Hizi za siku hizi lazima usome. Na Baba Paskali ndiye aliyetufundisha hivyo. Soma kwanza, halafu ndiyo ushike. Kila siku alisema hivyo."

Nikafumbua macho. Tukatazamana.

Nadhani tulielewa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Nilianza kukumbuka vitu ambavyo nilikuwa nimeviona na sikuviona. Ijumaa nilipompelekea yale maboksi, alinipa moja akasema nimsomee namba, miwani ameisahau ndani. Sijawahi kumwona Baba Paskali na miwani. Nilipoingia uani mwake hakunitambua mpaka nilipotoa shikamoo, ndipo akasema, "Marahaba, Mama Lulu." Nilimnyooshea funguo za gari, akaacha mkono wangu ukining'inia hewani, mpaka funguo zilipogongana ndipo akazishika. Nilidhani ana mawazo.

"Haoni," nilisema.

Hamisi akaketi kwenye tairi. Alijifuta uso kwa kile kitambaa chenye mafuta, akajipaka weusi, hakujali.

"Anafunga breki za watu," akasema taratibu.

Yule msichana na ndoo yake akanijia palepale.

Nikamwomba Hamisi alifunge gari langu vizuri, nikachukua bodaboda kwenda Singe. Njia nzima sikujua naenda kufanya nini. Nilikuwa na hasira tena, lakini hasira ilikuwa haina pa kukaa.

Uani kwa Baba Paskali kulikuwa na magari mawili. Moja ni la mwenye duka la vipuri vya trekta. La pili lilinikata maini. Ni kile kigari cha kubebea watoto wa chekechea. Kilikuwa kimepandishwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele yametolewa.

Na aliyelala chini yake hakuwa Baba Paskali.

Niliona kwanza kanga. Halafu miguu yenye ndala. Halafu Mama Paskali, mkewe, akajivuta kutoka chini ya gari, spana mkononi, akanitazama kama mtu aliyekutwa anaoga. Baba Paskali alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio.

"Nani huyo?" aliuliza.

Mimi ndiye niliyejibu. "Shikamoo Baba Paskali. Ni mimi, Mama Lulu."

"Marahaba." Akageuza sikio kuelekea barabarani. "Umekuja bila gari."

"Lipo kwa Hamisi. Ameshusha giaboksi."

Hapo akaelewa. Niliona mabega yake yakishuka.

Mama Paskali alininyooshea mkono nikae. Nilitazama ule mkono. Kucha zake zilikuwa nyeusi pembeni, weusi ule usiotoka kwa sabuni. Nimemfahamu mama huyu miaka mingi, nimekula chakula chake, na siku zote nilidhani ni masizi ya kuni.

Nikawaeleza pleti ilivyokutwa. Sikupamba, sikupunguza.

Baba Paskali ndiye aliyezungumza, macho yake yakiwa yameelekea upande wangu lakini yakinipita kidogo, kwenye sikio. Alisema jicho la kushoto lilianza miaka mitatu iliyopita, kama ukungu. Halafu la kulia likafuata. Sasa anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, anaona kama gari lipo au halipo. Maandishi haoni tangu mwaka juzi.

"Na kazi?" niliuliza.

"Kazi anafanya huyu," alisema, akamwelekezea mkewe kidevu. "Mimi nasikiliza na kushika. Yeye anaangalia. Nikimwambia kuna nini, anatazama. Akiniambia ameona nini, namwambia afanyeje."

Miaka miwili. Watu wote wa Singe wamekuwa wakisema Mama Paskali anampenda mumewe, anakaa naye gereji siku nzima, anamletea chai. Hata mimi nilisema. Kumbe tulikuwa tunamtazama fundi tukimwita mleta chai.

Sikujua nicheke au nilie. Sikufanya lolote kati ya hayo.

Nikauliza lile lililonileta. "Jumamosi ulikuwa wapi, Mama Paskali?"

"Nilikuwa msibani Sigino," akasema. "Dada yake mama yangu. Nilimwambia asiguse kitu mpaka nirudi."

Mimi ndiye niliyepiga simu mara tatu.

Nakiri hapa kwamba nilitaka mtu mmoja wa kulaumiwa, na kwa mara ya pili nilimkosa. Nilimweleza Baba Paskali kuhusu kivuko. Nilikuwa sijamwambia. Kwenye simu nilisema gia zinakwaruza tu. Nikamweleza gari lilivyoruka, na nafasi iliyobaki.

Akanigeuzia uso.

"Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Mkubwa?"

"Labda miaka minane."

Akafunika uso kwa mikono yake miwili. Ile mikono mipana iliyonifundisha kushika usukani. Mama Paskali akageukia ukutani.

Baadaye nikamwambia na lile jingine. Nilimwambia nimemsema kwenye kikundi, kwamba ameiba pleti mpya akanifungia kuukuu, na kwamba nilikuwa naongea uongo. Nilidhani atashangaa.

"Nilisikia," akasema. "Jana asubuhi walikuja kuniambia."

"Mbona hukunipigia? Mbona hukukataa?"

"Ningekataa, ungeniuliza basi ni nini." Alizungumza kwa utulivu kabisa, kama anayeeleza kuhusu injini. "Nikaona afadhali waniite mwizi. Fundi mwizi watu wanamlalamikia lakini wanarudi. Kipofu nani atamrudia?"

Huo ndio mshtuko wa pili. Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikazunguka nyumba, nikarudi.

Mtu huyu hajawahi kuchukua hata nati yangu. Na alikuwa tayari kulibeba jina hilo nililompa mimi, kwa sababu lilimfaa kuliko ukweli.

Nilimuuliza daktari amesemaje. Hakuna daktari. Hajawahi kwenda. Alisema akienda hospitali ya hapa mjini atakutana na wateja wake kwenye benchi, na wote watajua kabla hajaitwa jina. Mama Paskali alisema amemwomba mpaka amechoka kuomba. Nilipomtazama vizuri, kwa karibu, niliona kitu ambacho mtu yeyote angekiona kama angetazama. Katikati ya mboni zake mna weupe, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Mama yangu alikuwa na weupe kama huo. Walimfanyia operesheni, na mpaka anafariki alikuwa anachambua mchele mwenyewe.

Sisemi ndicho kitu hichohicho. Mimi najua miche, sijui macho. Lakini nilimwambia. Nilimwambia pia inawezekana kabisa miaka yote hii mitatu amekuwa akificha kitu kinachotibika.

Midomo yake ilitikisika, akagusa kope zake kwa kidole.

Kisha akaniomba. Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Alisema, "Mama Lulu, nitakwenda. Lakini nakuomba usimwambie mtu kwa sasa."

Nilitazama kile kigari cha chekechea juu ya mawe. Mama Paskali akaona ninakotazama. Akasema breki zote anazifunga yeye, kwa macho yake, na anazikagua mara mbili. Namwamini. Baada ya leo nadhani mama huyu ni fundi kuliko wengi wanaovaa ovaroli. Lakini Jumamosi nayo walikuwa na mpango wao, na mtu mmoja akapiga simu mara tatu.

"Siwezi kuahidi," nilisema.

Mtu aliyenifundisha kuendesha bila kunipigia kelele aliniomba kitu kimoja, nami nikamkatalia akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Nilisema kama angekuwa Lulu pale kwenye kivuko, ningetaka mtu aseme.

Mama Paskali ndiye aliyemaliza. Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na funguo mbili. Hakuziweka mkononi mwa mumewe. Aliziweka mkononi mwangu.

"Mpelekee Hamisi," akasema. "Mwambie aje ayachukue haya magari, ayakague na kuyamalizia. Mwambie na mimi nitakuja naye, nimuonyeshe nilipofikia."

Baba Paskali alisikia mlio wa funguo. Alijua ni zipi. Nilimwona akitaka kusema neno, halafu akaliacha lipite.

Nilimpigia simu Hamisi, naye akaja kabla ya saa kumi akiendesha pikapu yangu, klachi imeshafungwa sawasawa, nikamkabidhi funguo. Alimsalimia mzee wake kwa mikono miwili na akabaki ameishika mikono ya mzee. Wala hakumuuliza kuhusu macho. Alimwambia, "Fundi, nina injini moja pale kwangu inalia na sijui inalia wapi. Nimeifungua mara mbili. Ukipona au usipopona, njoo uisikilize." Sijui kama kweli ana injini hiyo. Baba Paskali alicheka kidogo, akauliza inalia ikiwa ya baridi au ya moto.

Wakaanza kuongea. Mama Paskali akaingia kati yao, akasema hapana, kama inalia ya baridi tu basi angalia kwanza mkanda. Hamisi akamgeukia. Nilimwona akimtazama upya, kama nilivyomtazama mimi.

Gari langu sasa liko sawa. Riversi inaingia kama kisu kwenye siagi, na nikikanyaga klachi linatulia. Hata hivyo nilipofika kwenye kivuko leo niliweka gia huru, nikakanyaga breki, nikavuta na breki ya mkono. Mtu wa nyuma alishangaa. Ashangae.

Kesho saa moja asubuhi nampitia Baba Paskali twende kwa daktari wa macho. Nilimwambia tunaweza kwenda hospitali ya mbali, Arusha au Haydom, asikutane na watu anaowajua. Alifikiri, akasema twende ya hapahapa. Baadaye mchana nitakwenda kwenye kikundi, na nimeshamwambia nitakachosema: kwamba pleti ilikuwa mpya, kwamba nilimsingizia. Kuhusu macho, amesema atawaambia mwenyewe. Amesema akiwa na mkewe pembeni, na mkewe akaitikia. Na haya niliyoandika sitayatoa hapa kabla yeye hajasema.

Nilipoaga, alisimama anisindikize mpaka barabarani, kama anavyofanya siku zote. Siku zote alitembea hatua moja nyuma yangu, na leo nimejua kwa nini: alikuwa anafuata sauti ya viatu vyangu. Leo hakukaa nyuma. Alinyoosha mkono akautafuta wangu, akaushika juu kidogo ya kiwiko.

Jirani mmoja alikuwa anaanika mahindi. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kwenye kona. Wote waliona. Wakaacha kuongea.

Nilipunguza mwendo.

"Usipunguze," akasema. "Tembea tu kawaida."

Nikatembea kawaida.